Muvi za kuimba: nafasi apewe staa au apewe mwenye sauti?

Sisi wapenzi wa muvi za kuimba tuna ubishi mmoja hauishi, kila ikitangazwa tu kwamba mchezo fulani wa Broadway, zile kumbi kubwa za michezo ya jukwaani kule New York, unafanywa filamu unaanza upya: nafasi kubwa apewe yule aliyeicheza jukwaani mpaka ukumbi ukasimama, au apewe staa anayejulikana hata kama kuimba kwenyewe ni kwa kuungaunga? Mi niko upande wa wenye sauti siku zote, ila kiukweli wale wa upande wa pili wana hoja na zingine nzito.

Kesi inayotajwa kila mara ni My Fair Lady. Mwaka 1956 Julie Andrews ndo alikuwa Eliza pale Broadway, yule binti muuza maua anayefundishwa kuongea kama watu wakubwa, na alitisha. Baadaye Warner Bros wakanunua haki za kutengeneza filamu kwa dola milioni 5.5, hela ambayo kwa kipindi kile ilikuwa balaa, na bosi Jack Warner akaona huyu Andrews nje ya jukwaa nani anamjua, akamchukua Audrey Hepburn. Sasa Hepburn kuigiza anajua, hilo sibishi, ila zile nyimbo zilimzidi. Akafanya mazoezi, akarekodi akiamini sauti yake itatumika, wakaja kuitoa karibu yote wakaweka ya mwanamama mmoja anaitwa Marni Nixon.

Andrews huku nyuma akachukuliwa na Disney kwa Mary Poppins na muvi zote mbili zikatoka 1964. Kwenye Golden Globe akapanda kuchukua tuzo yake akamshukuru Jack Warner kwa kuwezesha yote hayo, yaani kijembe cha kistaarabu kabisa, wenye taarab yao wangemtunza. Afu ikaja Oscar, Aprili 1965, My Fair Lady ikabeba 8 ikiwemo ya filamu bora, Rex Harrison ambaye alitoka na mchezo huo huo jukwaani akapata ya mwigizaji bora wa kiume, ya kike ikaenda kwa Andrews, na Hepburn hata kwenye orodha ya wanaowania hakuwemo. Na ndo yeye aliyemkabidhi Harrison tuzo yake usiku ule. Dah.

Huyo Marni Nixon anastahili makala yake peke yake. Alimwimbia Deborah Kerr kwenye The King and I (1956), akamwimbia Natalie Wood kwenye West Side Story (1961) iliyozoa Oscar 10, akaja kumwimbia Hepburn, na kwenye filamu zote tatu zilipotoka jina lake halikuwekwa. Huku kwetu msanii akibambwa anafanya pleibeki kwenye shoo anasemwa wiki nzima, na ile ni sauti yake mwenyewe jamani, sasa wale wenzetu waliweka ya mtu mwingine kabisa na tuzo wakapeana.

Haya, twende upande wa kina Warner. Mtu ametoa milioni 5.5 kabla hata kamera haijawashwa, unamwambia amweke binti ambaye hajawahi kucheza filamu hata moja? Mchezo wa jukwaani ukumbi unaingiza watu elfu moja na kitu kwa usiku, filamu inatakiwa ijaze kumbi dunia nzima kwa wakati mmoja, na mtu wa mbali hanunui tiketi kwa sababu ya aliyeshinda Tony, ile tuzo ya michezo ya Broadway. Tena sisi ambao Broadway tunaisikia tu tukumbuke kwamba bila hizo hela za mastaa hizi nyimbo zisingetufikia kwa picha.

Halafu kuna hili ambalo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia, jukwaa na kamera ni kazi mbili tofauti. The Producers ilichukua Tony 12 mwaka 2001, rekodi, wakawachukua Nathan Lane na Matthew Broderick walewale wakaenda nao kwenye filamu ya 2005 na ikadoda, manake ile sura ya kukunja ili aone mpaka wa siti ya mwisho kule juu, ukiisogezea kamera inakuwa kelele. Mwaka huohuo ikatoka Rent na karibu kundi lote lililoicheza jukwaani 1996, watu wameshakua, wanaigiza vijana wa kuhangaika na kodi. Na Dear Evan Hansen ndo usiseme, Ben Platt alipata Tony 2017 na sauti anayo, tena sio ya mchezo, ila 2021 ana miaka 27 anacheza mtoto wa sekondari na uso wote umejaa skrini, watu walikuwa wanacheka pasipo na kichekesho. Hapo hoja yangu ya mwenye sauti apewe inapata shida kweli.

Wengine wakasema basi dawa ni waimbe laivu hapohapo kamera ikiwaka. Tom Hooper akafanya hivyo Les Misérables ya 2012, waigizaji wanasikia piano sikioni, okestra inaongezwa baadaye. Anne Hathaway akaimba wimbo wake analia, kamera haitoki usoni, akaondoka na Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ila dawa hiyohiyo ndo ilimwanika mwenzake wa filamu hiyohiyo Russell Crowe, maana kule studio angesaidiwa kidogo, hapa hamna pa kujificha. Na mi nina wasiwasi na hizi tuzo kidogo, wapiga kura wanapenda kuona mtu anateseka, akinyoa nywele na sauti ikakatikakatika kwa kilio wanaona hiyo ndo kazi, anayeimba vizuri bila jasho wanaona kama alizaliwa nayo tu.

Ninaposhikilia msimamo wangu ni Dreamgirls ya 2006. Hadithi yenyewe ni hii hii, Effie mwenye sauti anawekwa pembeni ili Deena mwenye mvuto aimbe mbele. Wakamweka Beyoncé kuuza filamu na Jennifer Hudson, binti wa American Idol, lile shindano la kuimba la kwenye TV, ambaye hakuwa na filamu hata moja, wakampa Effie. Hudson akabeba Oscar. Yaani staa alileta watu na mwenye sauti akawapa walichokuja kukitafuta bila kujua, na hakuna aliyeimbiwa na mtu.

Wicked ya 2024 nayo ilicheza hivyohivyo ila kwa akili zaidi. Cynthia Erivo ana Tony ya 2016 kwa The Color Purple, na Ariana Grande ambaye wengi walimchukulia staa wa pop aliyepewa kwa jina alianzia Broadway tangu 2008, na sehemu kubwa waliimba laivu. Kristin Chenoweth na Idina Menzel, wale walioicheza Broadway 2003, wakapewa kipande kidogo cha heshima. Kuwania iliwania Oscar 10, zikaja mbili, mavazi na mandhari, wale wadada wakarudi mikono mitupu. Iliniuma ila sikushangaa.

Kuanzia sherehe ya 98 Oscar wameongeza tuzo ya wale wanaochagua waigizaji, kitu kilichotakiwa kuwepo zamani sana. Kwa muvi za kuimba hii ndo tuzo nitakayoikodolea macho kuliko hata ya mwigizaji bora, na wakija kumpa mtu aliyeweka sura ya huyu na sauti ya yule bila jina kuandikwa, mtanisikia.