Laki Tatu za Maindiseti

Saa kumi na mbili asubuhi simu inaita, moyo ukafanya paa, nikajua huko kuna msiba. Maana mtu mwenye akili zake anakupigiaje muda huo kama hakuna msiba. Napokea, kumbe mweka hazina wa timu. "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, ule mchango wa mtaalamu hujamalizia." Mchango wa mtaalamu! Umeme wa Luku umekata tangu usiku, ndoo zote kavu, mtoto kafukuzwa shule juzi kisa rimu ya karatasi, alafu mtu ananiamsha kunidai elfu kumi na tano ya mtaalamu wa maindiseti, yaani wa akili za wachezaji. Nikamjibu marahaba kwa sauti ya heshima kabisa, nikazima simu, nikakaa kitandani naangalia ukuta.

Kwa wasionifahamu, mimi ni meneja wa vifaa wa timu yetu ya mtaa. Ni cheo, msicheke. Nasimamia mipira (ilikuwa miwili, mmoja ulienda kwenye uzio wa mzee mwenye mbwa, tumeshausamehe), nasimamia koni nne, pampu, ndoo ya maji, na jezi kumi na nne ambazo nafua mwenyewe kwa sabuni yangu. Kwaiyo mambo ya timu nayajua kwa ndani, hadi nani anatokwa jasho la kweli na nani anajimwagia maji apewe pole.

Sasa msimu huu kwenye ndondo, mashindano ya timu za mtaani, tumepigwa mechi tano mfululizo. Mechi ya tano tulifungwa na timu iliyokuja na wachezaji tisa. Kikao kikaitishwa. Zamani tukifika hapo tulikuwa tunajua pa kwenda, tuna kamati ya ufundi, na kila mtu anayejua mpira wa kwetu anajua ile kamati haina ufundi wowote wa mpira, bajeti yake ni kuku, nazi na nauli ya kwenda mahali usiku. Mwenyekiti safari hii akakataa. Kasimama, kakohoa, kavuta shati. "Ndugu zangu, dunia imebadilika. Hata Chelsea walileta mtaalamu wa akili za wachezaji."

Hapo ndo nilipochoka. Mwenyekiti wetu ni Chelsea wa kulia machozi, na mimi pia, ndo maana najua anachoongelea, na najua kaacha nusu ya habari.

Ni kweli walimleta. Mwanzoni mwa 2023, Gilbert Enoka, mtu wa New Zealand, aliyekaa miaka na miaka na timu ya raga ya All Blacks, wale wanaojipiga mapaja na kutoa ulimi kabla ya mechi. Chelsea hapo walikuwa wameshamwaga zaidi ya paundi milioni 500 kwa madirisha mawili tu ya usajili, kikosi kimejaa hadi magazeti ya kule yakaandika kwamba wengine wanabadilishia nguo koridoni. Koridoni! Hilo la nguo hata sisi tunalijua, sisi tunabadilishia nyuma ya mbuyu, ila sisi hatujalipa paundi milioni 100 na ushee kwa mchezaji mmoja, Enzo Fernández. Basi mtaalamu kaja, na mwanzoni mwa Aprili kocha Graham Potter kafukuzwa, karudishwa Frank Lampard kama kocha wa muda, mechi 11 ushindi mmoja. Ligi imeisha Chelsea wa 12, pointi 44, mabao 38 kwenye mechi 38. Mechi karibu zote niliziona banda umiza, kibanda cha kuonyeshea mpira, kwa kiingilio, nimebanwa katikati ya mashabiki wa Arsenal wanakula karanga.

Simlaumu Enoka lakini. All Blacks walibeba kombe la dunia la raga 2011 na 2015 yeye yupo, na 2007 alikuwepo pia na Ufaransa wakawatoa robo fainali, hakuna aliyemfukuza, akaendelea kushona polepole. Chelsea walimwita kama unavyomwita fundi bomba maji yameshafika sebuleni. Na wale All Blacks wana desturi moja nimeipenda sana, wachezaji wenyewe, mastaa, wanafagia chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi. Nikaileta kwenye kikao, nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba na sisi vijana waanze kufua jezi wenyewe. Tukapiga kura. Wote walikataa isipokuwa mimi.

Kura iliyofuata ni ya mtaalamu, wote wakakubali isipokuwa mimi. Laki tatu. Nusu kabla, nusu baada.

Jumamosi akaja. Saa kumi kamili, kwa bajaji, na nauli ya bajaji tukalipa sisi. Suti ya rangi ya maziwa, kiatu kimechongoka mbele kama pua ya ngalawa, mkononi stendi ya kuandikia na makaratasi makubwa. Uwanja wetu mnaujua, upande mmoja mchanga wa kuzama kifundo, upande mwingine mbuzi wa jirani. Kiatu kikazama. Akakitoa, akakung'uta, akatabasamu, akasema, "Vijana wangu, changamoto ni fursa." Kipa wetu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, huyu anauza dawa?"

Wakakaa chini ya mwembe nusu duara. Akaandika kwenye karatasi MAINDISETI kwa herufi kubwa, upepo ukaja ukachukua karatasi, winga wa kulia akaikimbilia hadi kwenye goli la kule. Kwa haki, ilikuwa spidi ambayo msimu mzima hatujawahi kuiona.

Akarudi kwenye mada. "Fungeni macho. Vuta pumzi. Sasa jione ndani yako, wewe ni simba."

Jamani. Jamani jamani. Timu ya mtaa, Dar es Salaam hii, nusu Simba nusu Yanga, unawaambia watu kumi na nane wajione simba. Beki wa kati akafungua macho hapohapo. "Mi siwezi." Mtaalamu akadhani ni woga, akamsogelea kwa upole kamuwekea mkono begani, "Unaweza kijana wangu, sema kwa sauti, mimi ni simba." Yule beki baba yake alizikwa na skafu ya Yanga kifuani. Akasimama. "Kocha heshima yako, ila hilo neno silitamki, hata uniue." Upande wa pili nao wameshaanza kupiga makofi, "Semaaa! Sema we ni Mnyama!" mmoja kanyanyua vidole juu, mwingine anaunguruma.

Mtaalamu akaona moto umewaka, ila akakosea anapoukanyagia. Akanyanyua mikono. "Basi basi, tuache wanyama. Tuseme hivi, sisi wote hapa ni wananchi tu."

WANANCHI! Jina la Yanga hilo! Sasa wale waliokuwa wamekasirika ndo wakaruka juu wanashangilia, na waliokuwa wanaunguruma ndo wakasimama wanataka kuondoka. Namba sita akavua jezi akaitupa chini, jezi yangu, niliyoifua asubuhi. Yanga imeanza 1935, Simba 1936, ugomvi una umri kuliko babu wa mtu, na huyu bwana alitaka kuupatanisha kwa kalamu ya wino mwekundu. Alafu sasa, mwekundu! Wakamwambia na hiyo kalamu abadilishe. Akatafuta kwenye mkoba akapata ya kijani. Naapa sitanii. Mwisho akaandika kwa penseli.

Ikachukua nusu saa kuwatuliza. Kapteni ndo alisema kila mtu ajione mnyama anayemtaka mwenyewe, kimyakimya, asimwambie mtu.

Ikaja zoezi la kuaminiana. Mmoja anasimama, anafumba macho, anajiachia nyuma, wenzake wanamdaka. Akaanza kipa. Kipa, ambaye wiki iliyopita alifungwa moja la kutokea katikati ya uwanja huku anafunga kamba ya kiatu. Akajiachia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kadondoka chali puu, vumbi limenyanyuka, na beki wa kulia kwa utulivu kabisa akamwambia, "Na sisi tulikuamini."

Nilicheka siku ile, siwafichi. Ila kuna kitu kilinikata kicheko. Wakati wa kufunga macho, beki wa kushoto hakuyafungua tena. Mtaalamu akasema mnaona, huyu ameingia ndani kabisa ya nafsi yake. Kaingia wapi, kalala! Yule kijana anaendesha bodaboda ya mtu usiku kucha, hesabu ya bosi alfajiri, alafu saa kumi yupo uwanjani. Pembeni yake namba tisa, nikamuangalia mguuni, soli ya kiatu imeachama kaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kaizungusha mara tatu juu ya vidole na fundo kaliweka pembeni ili asiligonge akipiga mpira. Kalifikiria hilo fundo. Kakaa nyumbani kwao akafikiria aliweke wapi. Na mtaalamu kasimama mbele yake anamwambia tatizo lake hataki kutoka kwenye komfoti zoni. Komfoti zoni ipi? Huyu akiionyeshwa hiyo komfoti zoni si atahamia na godoro! Laki tatu tunapata viatu vya mtumba pea ngapi pale soko la Karume, mwenyekiti? Piga hesabu. Si wewe ulisoma hesabu? Mtoto anaingia mechi na chai kavu, dakika ya sitini anaona mipira miwili, mnasema hana umakini. Mpeni ugali muone kama hana umakini!

Aya, nimepandisha. Samahani.

Na sisemi hawa watu wote ni bure. Waingereza walipata mwanamama Pippa Grange, mwanasaikolojia, alianza nao 2017, na 2018 kule Urusi wakashinda penalti za kombe la dunia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Colombia. Ila wale walizifanyia mazoezi hizo penalti, hadi namna ya kutembea kwenda kwenye mpira. Sisi mazoezi ya penalti hatufanyi maana mpira ukipaa ukaenda kwa yule mzee ndo mwisho wa msimu.

Waingereza haohao 1998 kocha wao Glenn Hoddle alikuwa na mama mmoja, Eileen Drewery, anaponya kwa kuwekea wachezaji mikono. Kamati ya ufundi hiyo, sema ya kizungu. Mchezaji Ray Parlour kasimulia mwenyewe, mama kamuwekea mikono kichwani, yeye akamwambia nipunguzie pembeni na kisogoni, kama yupo kwa kinyozi. Kwenye kombe la dunia kule Ufaransa hakwenda. Waliokwenda nao wakatolewa na Argentina, kwa penalti. Kwaiyo nikisikia mwenyekiti anasema ushirikina ni wa kwetu na sayansi ni ya wenzetu najisikia kucheka ila namheshimu, ndo anayetoa nauli.

Basi mechi ikafika. Mtaalamu hakuja, alikuwa na semina mkoani. Tukapigwa nne. Nne bila. Namba tisa alipaisha penalti na soli ikaifuata. Watu wanaondoka kimya, mi nakusanya jezi, ghafla kelele, wapinzani wamekutwa wana mamluki wawili, wamechezesha watu wa ligi ya juu kwa majina ya wadogo zao. Tukapewa ushindi. Pointi tatu za mezani, ushindi wetu wa kwanza msimu huu, tumeupata tukiwa tumekaa.

Jioni mtaalamu akatuma ujumbe: "Hongereni mabingwa! Mbegu imeanza kuota. Naomba salio."

Ndo hiyo laki na nusu ninayoamshiwa alfajiri. Na mwenyekiti anataka ilipwe haraka, kuna mtu kamtisha kwa habari ya Ivory Coast. Walibeba AFCON, kombe la Afrika, 1992, fainali walimfunga Ghana kwa penalti 11 kwa 10, waganga wakasema kazi ni yetu na hatujalipwa, timu ikayumba miaka na miaka, 2002 waziri wa ulinzi mzima akaenda kijijini kwao kuomba radhi na pesa mkononi. Mwenyekiti akasema tusije tukaandamwa. Nikamuuliza si ulisema huyu ni sayansi? Akasema sayansi nayo ina wenyewe.

Nikatoka nyumbani nitafute maji maana jezi zimekaa siku mbili kwenye beseni zimeanza kunuka mto. Mama mwenye nyumba kashasema kamba yake si ya timu. Nahesabu jezi, kumi na tatu. Narudia, kumi na tatu. Namba nne haipo. Nikazunguka mtaa mzima, mwisho nimefika stendi, naona mgongo, namba nne, kainama kwenye kikaango cha chipsi, mafuta yanamrukia kifuani jezi imekuwa ramani. Nikamfokea, we, hiyo jezi ni ya timu! Akageuka. Ni yeye mwenyewe namba nne, aliyeaga mazoezi kwamba goti limevimba.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Kaa kwanza." Akaniwekea chipsi yai na mishikaki miwili, hakutaka hela. Nikala. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya, na kachumbari kaongeza.

Sasa kesho kikao, ajenda ya tatu ni ripoti ya meneja wa vifaa.