Ndege nyuki, kibali cha jeshi na anga tuliyoifunga

Kuna miaka ambayo mtalii alishuka Jomo Kenyatta na begi lake la kamera, forodha wakalifungua, wakakuta ndege nyuki, yaani droni, nayo ikabaki pale uwanjani hadi siku ya kuondoka kwake. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, bwana harusi wa Machakos alikuwa akipigwa picha kutoka juu na ndege nyuki ya aina ile ile, haina kibali, haina namba, na wazee wanaipungia mkono. Kila tunapojadili usalama na teknolojia tunakimbilia Katiba au ajira za vijana, na harusi hiyo tunaipita kama hatukualikwa.

Anayefuatilia mambo haya anakumbuka yalivyokwenda. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ilitangaza kwamba hakuna kurusha bila idhini yake na ya Wizara ya Ulinzi. Kanuni mahususi hazikuwepo, kwa hiyo kuomba idhini kulikuwa sawa na kuteremsha ndoo kwenye kisima kisichochimbwa. Kanuni zikaja 2017, Bunge likazifuta 2018, zikaandikwa upya, zikatangazwa rasmi Machi 2020, nchi ikipambana na nzige na korona kwa pamoja. Leo unaweza kusajili chombo, ukapata leseni, ukarusha. Ila faili lako lazima lipite mikononi mwa watu wa ulinzi, na ugomvi umehamia humo.

Hoja ya watu wa ulinzi si ya kubezwa. Tangazo la 2015 lilitoka miezi 16 baada ya Westgate, watu 67 waliouawa ndani ya jengo la maduka. Halikumaliza miezi mitatu likaja shambulio la chuo kikuu Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Mpaka wetu na Somalia una urefu wa kilomita 680 hivi, na sehemu kubwa yake ni nyika. Wakati huo kundi la IS lilikuwa halijaanza kudondosha mabomu mjini Mosul kwa ndege nyuki za dukani. Likaanza. Agosti 2018 zikalipuka angani Caracas, Rais Maduro wa Venezuela akiwa jukwaani. Desemba mwaka huo, taarifa tu za kuonekana kwa ndege nyuki karibu na uwanja wa Gatwick, Uingereza, zilivuruga safari za ndege kama 1,000 na abiria wapatao 140,000, na hapakuwa na bomu wala risasi. Halafu Juni 2025, Ukraine ikarusha ndege nyuki 117 kutoka kwenye malori yaliyofichwa ndani ya Urusi yenyewe, nyingine maelfu ya kilomita kutoka mpakani, zikachoma ndege kubwa za kivita zikiwa zimeegeshwa.

Afisa aliyeona habari hiyo usiku, asubuhi akakuta mezani faili la kijana anayetaka kuingiza ndege nyuki kumi za kupulizia dawa mashambani, nani atamlaumu akilirudia kulisoma tangu ukurasa wa kwanza? Akikubali na jambo likaharibika, jina lake litatajwa mbele ya kamati ya Bunge. Akikataa, au akiliweka tu faili kwenye droo, hakuna atakayemuuliza, kwa kuwa hasara ya kukataa haina picha ya kuchapishwa gazetini.

Hiyo hasara isiyo na picha ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Oktoba 2016, Rwanda iliruhusu kampuni ya Kimarekani ya Zipline kurusha ndege nyuki za kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Chombo kinarushwa kwa mtambo ulio kama manati, kinakwenda, kinadondosha boksi kwa mwavuli wa karatasi, kinarudi. Video zake tumezichoka. Tarakimu zake hatujazitafuna vya kutosha. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la The Lancet Global Health uliangalia oda 12,733 za kati ya 2017 na 2019. Wastani wa safari moja ulikuwa dakika 49.6, na damu iliyokuwa ikitupwa kwa kupitwa na muda ikapungua kwa asilimia 67.

Wengi wakisoma hapo hushangilia zile dakika. Mimi naishikilia ile 67, kwa sababu kasi peke yake haiielezi. Damu haikai. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zina siku tano hivi, chembe nyekundu zina wiki tano au sita. Hospitali iliyo mbali, isiyojua gari litafika lini, hujiwekea akiba ya kila kundi kwa hofu, hata yale makundi adimu ambayo mgonjwa wake huonekana kwa nadra. Akiba ya hofu huharibikia kwenye jokofu huku hospitali nyingine, milima miwili mbele, ikihangaika kuitafuta damu hiyo hiyo. Mganga alipojua kwamba akiita itafika ndani ya saa moja, aliacha kulimbikiza. Kwa hiyo kilichookoa damu ni uhakika zaidi ya mbio, na uhakika ni neno ambalo wanajeshi wanalielewa kuliko sisi wote.

Jirani yetu mwingine, Tanzania, naye alionja. Mwaka 2018 mradi wa majaribio ulipeleka dawa kwa ndege nyuki hadi kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, mahali ambapo kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita. Majaribio yakaisha baada ya miezi sita. Mtu wa Rusinga au Mfangano, visiwa vyetu vya ziwa hilo hilo, akisoma haya hahitaji kufafanuliwa.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba Rwanda ni nchi ndogo, yenye nidhamu yake, na haina Al-Shabaab. Udogo nakubali. Ila anayedhani Rwanda ilifungua anga kwa sababu haina hofu, haijui Rwanda. Ile ni dola inayolala na jicho moja wazi upande wa Kongo tangu 1994. Na haikufungua kwa yeyote mwenye kidhibiti mkononi. Ilianza na mrushaji mmoja, kituo kimoja, njia zinazojulikana, waongoza ndege wanawasiliana naye. Mwaka 2018 ndipo ikaja na kanuni pana zaidi, zinazomwuliza mrushaji atafikiaje kiwango cha usalama badala ya kumwuliza tu anamiliki chombo gani. Mimi naona hofu yao ndiyo iliyowafungulia mlango: walitaka kujua kila kinachoruka, na hukijui kisichokuja kwako kujiandikisha.

Ndiyo maana ya harusi ya Machakos. Miaka mitano ile ya katazo haikuondoa ndege nyuki Kenya. Iliondoa zile zenye jina. Mwenye kampuni, mwenye ofisi, mwenye kulipa ushuru, huyo alitii au akahamia kazi nyingine. Mwenye kuingiza chake kwenye begi la nguo aliendelea. Hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia, iliyotaka kuchunga vifaru kutoka angani, ilizuiwa 2014, na hiyo ni taasisi yenye lango, askari na anwani. Tulimzuia yule ambaye tungemjua hata usingizini, tukabaki na tusiowajua. Siku askari wa Lamu atakapoona kitu kinaruka juu ya mikoko, swali lake la kwanza litakuwa: hiki ni cha nani? Kama kuna orodha, na vyombo halali vinatangaza namba zao vikiwa hewani, anajua kwa sekunde kwamba kile ni cha zahanati na kile kingine hakina mwenyewe. Bila orodha, kila kitu ni adui, au baada ya wiki mbili za kuchoka, hakuna kilicho adui.

Kuna jambo jingine ambalo wapigania uzalendo wa teknolojia wangepaswa kuwa wa kwanza kulipigia kelele. Kibali kisicho na tarehe ya kujibiwa hakiwazuii wote sawasawa. Kampuni ya kigeni yenye wawekezaji wa California inaweza kungoja mwaka, ikalipa wanasheria, ikapata mtu wa kuongea na waziri. Zipline ilipokuja kuanza kazi Kisumu, ilikuja na miaka ya uzoefu wa Rwanda na Ghana. Kijana wa Rongai aliyekopa kwenye sacco kununua chombo cha kupima mashamba hawezi kungoja hata miezi minne. Marejesho hayangoji upekuzi wa wizara. Basi mlango unaosemwa kuwa wa kuilinda nchi unachuja wazawa na kuwapitisha wageni. Picha za mashamba yetu, barabara zetu na paa za hospitali zetu zinapigwa na nani na zinahifadhiwa wapi? Hilo nalo ni swali la usalama wa taifa, na kuchelewesha faili hakulijibu.

Zanzibar walilijibu kwa namna yao. Kuanzia 2016, walipotaka ramani mpya ya Unguja na Pemba, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300, Kamisheni ya Ardhi ndiyo iliyoshika usukani, na waliorusha ni pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Serikali haikungoja mlangoni na muhuri, ilikuwa ndani ya kazi tangu siku ya kwanza. Wanafunzi wakatoka na ujuzi, na kamisheni ikabaki na ramani.

Ujuzi huo ndio ambao Wizara ya Ulinzi ingepaswa kuuonea wivu. Wale Waukraine tuliowataja hawakuanza na kiwanda cha jeshi. Kikundi cha Aerorozvidka kilianzishwa 2014 na raia wa kujitolea, watu wa kompyuta na warushaji wa kujifurahisha, kikaja kuwa sehemu ya jicho la jeshi lao. Ilipofika 2022 nchi ilikuwa na watu wanaojua kuunganisha waya, kusoma hali ya upepo na kutengeneza kilichovunjika usiku. Huwezi kuwaajiri watu hao wiki ya vita kama miaka kumi iliyotangulia uliwafukuza viwanjani.

Mambo ambayo ningeyaachia jeshi bila ubishi yapo. Msitu wa Boni na ukanda wa mpaka wa Somalia vifungwe, na anayetaka kurusha huko aombe kwa kila safari. Kambi na viwanja vya ndege vivyo hivyo. Mtu apekuliwe kabla ya kupewa chombo kizito. Hata mwenye kunyunyizia chai Kericho aeleze tangi lake linabeba nini, kwa kuwa tangi la dawa ni tangi.

Lisilokubalika ni droo. Faili lipigwe mhuri wa siku lilipopokelewa na siku ya mwisho ya kujibiwa. Wapo wanaotaka kwamba siku hiyo ikipita kimya, kimya kihesabiwe kuwa ndiyo. Hapo siungani nao, kimya cha mlinzi kisigeuzwe kibali. Kihesabiwe hapana, hapana iliyoandikwa, yenye sababu na sahihi ya afisa, ambayo kijana wa Rongai anaweza kuipeleka kwenye rufaa kabla sacco haijaja kuchukua chombo.