Choya inashusha presha kweli, ila vidonge vya shangazi visikae kabatini

Shangazi yangu ana presha miaka mingi. Juzi nimeenda kumsalimia nakuta vidonge kavirusha juu ya kabati, mezani kuna jagi la choya, yaani kinywaji cha maua mekundu ya rosela, ananiambia mwanangu hii ina antioksidanti (vitu vinavyosemwa vinakinga seli za mwili zisiharibiwe), inafanya kazi ileile ya vidonge. Kaambiwa na anayemuuzia maua.

Sasa hapa tusikimbilie kumcheka maana nusu ya hilo neno ni kweli kabisa. Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa ACE, chenyewe kinatengeneza homoni inayobana mishipa, na maabara zimeonyesha kwamba ile rangi nyekundu ya choya inakizuia. Kaptoprili, dawa ya presha, nayo inazuia hichohicho, na wazo lake lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazili! Na sio maabara tu, 2010 Marekani walichukua watu 65 wenye presha ya kupanda kidogo, wasiotumia dawa, wakanywa vikombe 3 kwa siku wiki 6, namba ya juu ya presha ikashuka kama 7, wakati kwa waliopewa kinywaji cha kuigiza kisicho na choya ilishuka 1 tu. Kwa hiyo anayesema mitishamba yote ni uzushi, hapana, sikubaliani nae.

Lakini hilo neno antioksidanti ndo linaniumiza roho, maana linauza kila kitu siku hizi. Kipimo chenyewe mara nyingi ni hivi: una kemikali ya maji yenye rangi ya zambarau, unadondoshea juisi ya mmea, yakigeuka njano basi mmea una nguvu. Chai ya rangi nayo inayageuza. Karafuu zetu zilikuwa kati ya vilivyo juu kabisa kwenye jedwali la namba za vipimo kama hivi la wizara ya kilimo ya Marekani, na 2012 wakaliondoa wenyewe kwa sababu namba za kwenye chupa za maabara hazisemi mwilini kunatokea nini na wafanyabiashara walikuwa wanazitumia vibaya. Tena Finland wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walijaribiwa, waliopewa vidonge vya beta karotini, ambayo ni antioksidanti, matokeo yakatoka 1994 kansa ya mapafu imeongezeka kwao kwa asilimia 18. Imeongezeka jamani.

Halafu kuna kipimo cha dozi. Kidonge cha leo na cha kesho ni miligramu zilezile, ila jagi la shangazi leo maua kiganja kimoja, kesho viwili, na sukari nimemuona kwa macho yangu, vijiko sita. Na wale 65 presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu, yake yeye ilishawahi kufika 180, kushuka 7 hapo kunamsaidia nini?

Nikamwambia shangazi choya usiache, punguza sukari, na daktari ajue unakunywa. Vidonge nimevishusha, viko pembeni ya jagi, na daftari la kuandika presha kila asubuhi. Jana kanisomea mwenyewe kwenye simu, 152 kwa 90.