Riwaya iliyokwisha kuuzwa: mwandishi ana haki ya kuiandika upya?

Mwezi uliopita, karibu na stendi kuu ya Moshi, dada mmoja alinionyesha riwaya mbili alizokuwa nazo mkobani. Mwandishi ni yuleyule, jamaa anayejichapishia mwenyewe kama mimi, ila majina ya vitabu ni mawili na majalada hayafanani hata kidogo. “Kaka, hebu niangalizie, hivi si kitabu kimoja hiki?” Tuliketi kwa muuza kahawa tukavifungua vyote viwili. Sura tatu za mwanzo zilikuwa zilezile, neno kwa neno, isipokuwa mhusika mkuu alikuwa amepewa jina jingine. Kuanzia sura ya nne hadithi ilishika njia mpya. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosema kwamba riwaya hii ilikwisha kutoka. Dada alikuwa ametoa shilingi elfu kumi, mara mbili.

Mwandishi huyo namfahamu, wala si tapeli. Aliona kitabu chake cha kwanza kina udhaifu, akakaa usiku baada ya kazi akakiandika upya. Hapo ndipo jambo hili linaponisumbua: kazi aliyoifanya ni halali, na uchungu wa dada yule ni halali pia.

Anayechapishwa na kampuni ana mhariri wa kumzuia. Sisi tunaojichapishia huku Moshi na Arusha, mara nyingi mswada unasomwa na rafiki, unapangwa kurasa na kijana wa steshenari, kisha unakwenda moja kwa moja kwa mchapaji. Makosa yanatoka nao. Katika riwaya yangu ya 2013 kuna mzee anasimama mtaa wa Majengo hapa Moshi jioni, analitazama jua likizama nyuma ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kibo kiko kaskazini mwa mji wetu. Jua halijawahi kuzama huko. Mwanafunzi wa sekondari ndiye aliyeniambia, kwa adabu kabisa, na tangu siku hiyo sikuweza kumkabidhi mtu nakala bila kuifikiria sentensi ile. Kosa la namna hiyo halina utetezi. Msomaji wa Moshi akilikuta anaacha kukuamini hata pale unapomweleza jambo la kweli kuhusu ndoa au msiba.

Hata waandishi wakubwa wamerudi kwenye kazi zao. Chinua Achebe alitoa Arrow of God mwaka 1964, na mwaka 1974 likatoka toleo la pili alilolirekebisha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliirudia A Grain of Wheat ya 1967 na kuitoa upya mwaka 1986, na mabadiliko yake yaligusa siasa yenyewe ya kitabu, hayakuishia kwenye herufi. Lakini majina ya vitabu yalibaki yaleyale, na Achebe aliwaandikia wasomaji dibaji kuhusu marekebisho yake. Wahakiki wanaweza kuyaweka matoleo ya Ngũgĩ pamoja na kuona fikra zake zilikotoka na zilikofika. Nani atafanya hivyo kwa riwaya iliyofichwa chini ya jina jipya?

Sasa, ukishashika kalamu kusahihisha, unaishia wapi? Katika riwaya yangu hiyohiyo reli ya Moshi imeota nyasi, kama ilivyokuwa nilipokuwa naandika. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Rafiki yangu akanishauri: toleo jipya liwe na treni, vijana wasione kitabu kimezeeka. Nilijaribu. Mama anayemfuata mwanawe Dar akapanda treni, na papo hapo nikapoteza usiku wote ambao basi lao linaharibika karibu na Same, usiku ambao ndipo anapokutana na shemeji yake na siri ya nyumba inafichuka. Nilifuta yote niliyoandika wiki ile. Reli yenye nyasi ilikuwa kweli ya wakati wake na hadithi imesimama juu yake. Jua la Kibo halikuwa kweli wakati wowote. Tangu hapo huo ndio mpaka ninaoufuata, ingawa najua mwandishi mwingine ataona uhuru wake ni mpana zaidi, na simlaumu maadamu hautumii gizani.

Gharama nazo zina usemi wao. Mchapaji hupanga kurasa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo mmoja. Ukipunguza kurasa kumi huenda usiokoe chochote. Mimi nilipotoka 208 hadi 192, mkunjo mzima uliondoka na bei ikashuka kidogo. Halafu kuna namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kila kitabu. Ukisahihisha herufi na kuchapa tena, hiyo ni chapa mpya na namba inabaki. Ukibadilisha maudhui, hilo ni toleo jipya, na linahitaji namba yake kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba.

Linaloniumiza zaidi ni wasomaji wa mwanzo. Hao walininunua nikiwa sijulikani, wengine kwa kulipa nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao. Nikisema toleo jipya ndilo kitabu halisi, nawaambia wao walishika rasimu. Na toleo la zamani halirudishwi: liko kwenye rafu zao, liko darasani ambako mwalimu anataja ukurasa wa 80 na nusu ya wanafunzi wanaona kitu kingine, na PDF yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp pasipo mimi kuulizwa.

Kwa hiyo nimeweka nyuma ya ukurasa wa jina maneno haya: toleo la kwanza 2013, toleo hili la pili limerekebishwa, na mistari mitatu inayosema kilichoondoka na kilichoingia. Mwenye nakala ya zamani akinionyesha, anapata mpya kwa gharama ya uchapaji tu, na ya zamani anabaki nayo. Faida ya nakala hizo sipati. Naona ni deni.

Nilimpigia simu mwandishi mwenzangu jioni ileile nikamweleza alichosema dada. Alinyamaza kidogo, akasema nakala zilizobaki atazibandikia karatasi ya maelezo. Dada mwenyewe, kabla hatujaachana pale kwa muuza kahawa, aliniuliza ampe mdogo wake kipi kati ya vile viwili. Nilisoma sura ya nne ya kila kimoja kwanza. Ile mpya ni nzuri zaidi, na nilimwambia hivyo.