Nyumba ya watu 14

Kwenye maelezo ya ile nyumba palikuwa na mstari mmoja ulioninyima usingizi tangu mwezi Mei: watu wasizidi 14, na mlangoni kuna kamera. Sisi tulikuwa 19.

Ukoo wetu, walioko huku Marekani, umetawanyika. Sisi tuko Columbus, Ohio. Wengine wako Maryland, wengine Texas, na binamu mmoja kajichimbia Minnesota na baridi yake. Kwa sikukuu ya tarehe 4 Julai tukakubaliana kukutana milimani, karibu na Gatlinburg, Tennessee, kwenye nyumba ya mbao ya kupanga. Usiku tatu, dola 2,400, mapipa ya taka yana makufuli kwa sababu ya dubu. Na kutoka ni Jumapili saa nne kamili asubuhi.

Ugomvi ulianza kabla hata hatujafunga mizigo. Watu watano ilibidi walale hoteli ya barabarani, sasa ni akina nani? Mwenye nyumba alikuwa anahesabu hadi watoto wachanga. Binamu wa Texas akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mtoto wa miezi minne hana kitanda, hali chakula, analipiwa nini? Shemeji akajibu kwamba kelele zake usiku ndizo za kulipiwa. Utani ukageuka, watu wawili wakanyamaza wiki nzima.

Mimi nimezaliwa Marangu, Kilimanjaro. Bibi yetu alikuwa mkali mno kwa mtu anayehesabu watoto kwa kidole, hata kama ni kwa ajili ya kugawa chai. Desemba ya mwaka 2022 nilipokwenda, ukiniuliza tulilala wangapi pale nyumbani, sijui mpaka leo. Vijana walilala kwenye magari, wengine kwa jirani, watoto walipangwa kwenye mkeka mmoja kama dagaa. Asubuhi nilikuta kijana simjui anakunywa chai jikoni. Alikuwa kaja na rafiki wa mtoto wa mjomba, basi lake la Rombo lilimshusha usiku. Akakaa siku tatu. Hakuna aliyemuuliza atoke saa ngapi.

Haya ndiyo watu wa huku wanayoyalilia kila Desemba wakikosa nauli, na mimi nalia nao. Ila nina neno ambalo nikiliandika kwenye kundi la ukoo watanitoa.

Nyumbani watu wanahesabiwa. Anayehesabu ni mama, na anahesabu kimya kimya. Usiku, wenzake wakishalala, anahesabu vikombe, mkungu umebaki vichana vingapi, maji yatafika asubuhi au la. Ile Desemba mimi niliingia jikoni tarehe 23 nikatoka tarehe 26. Binamu zangu, ambao nililipa nauli yangu ya ndege kuja kuwaona, niliwasikia tu wakicheka huko migombani, walikokuwa wanachoma mbuzi na kupokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kila nikitoka na beseni, mtu ananiambia, "Dada, umenenepa, Marekani imekukubali," kisha anaomba chumvi.

Tennessee mke wa binamu wa Maryland, muuguzi aliyezoea zamu, alibandika karatasi kwenye friji. Nani apike, nani aoshe, siku gani. Jina la kaka yangu mkubwa likaangukia Ijumaa jioni, siku niliyopika mtori. Ndizi nilizibeba kutoka duka la Wameksiko Columbus, na sufuria ilishika chini vibaya. Huyu ni mtu ambaye nyumbani anaongoza kikao cha ukoo. Nilimkuta kavua saa, kakunja mikono ya shati, anasugua kwa waya, jasho linamtoka. Akaniambia bila kugeuka, "Hii mliipika au mliiunguza makusudi?" Alisugua karibu saa nzima. Jirani wa kushangaa hakuwepo, wala mama wa kuja kumnyang'anya ile sufuria kwa aibu.

Jambo jingine ni amani. Kikao cha Desemba kikianza na sala, kitaishia kwenye kihamba tu, yaani shamba la ukoo: mpaka, migomba iliyokatwa, kitinda mimba aliyerithi nyumba ya baba na hakai ndani yake. Nyumba ya kupanga haina kitinda mimba. Tulicheza karata hadi saa nane usiku na hakuna aliyetaja masale ya mtu, ile mimea tunayopanda mpakani.

Masale yenyewe tuliyakuta, ajabu. Sebuleni palikuwa na chungu chenye mmea ule ule, wa mapambo. Huku wanauuza madukani kama ua la ndani. Shangazi, aliyekuja kutoka Moshi kwa mahafali ya mjukuu, aliusimamia akauliza kama mwenye nyumba ni Mchaga. Jumamosi jioni, bili ya hoteli ya wale watano ilipowakalisha tena binamu wa Texas na shemeji meza moja, yeye aliinuka, akachuma jani, akamkabidhi shemeji ampelekee mwenzake. Anayeletewa jani la masale kwetu ameombwa msamaha, na hakatai. Shemeji ni mtu wa Tabora, hakujua ameshika nini, lakini binamu alijua, na akalipa.

Shangazi huyo huyo ndiye aliyenivuruga hesabu zangu zote za kusifu karatasi ya friji. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia fagio nje. Nikamwambia shangazi, hapa tumelipa dola 180 za usafi. Akaendelea kufagia. Halafu akauliza, "Makaburi yako upande gani?" Nikacheka, yeye hakucheka. Kwetu wazee wamelala palepale migombani, ukifika unapita kuwaamkia kabla hujaweka begi. Yeye hakuelewa ukoo unakutanaje mahali ambapo hakuna mtu wao aliyelala. Tukampeleka Kuwohi, kilele cha juu kuliko vyote huko, mita 2,025, tukidhani tutamfurahisha. Alitazama ukungu, akauliza mlima wenyewe unaanzia wapi. Lango la Marangu, watu wanapoanza tu kupanda Kilimanjaro, liko karibu mita 1,900.

Desemba hii nakwenda, Mungu akipenda, na karatasi ya zamu nitaibandika kwenye mlango wa jiko la mama. Najua atakayeichana wa kwanza ni mama mwenyewe.

Jumapili saa tatu na nusu magari yalikuwa yamepakiwa. Shangazi akagoma kupanda. Alitaka kumuaga mwenye nyumba, mtu hawezi kulala kwa watu siku tatu akaondoka kama mwizi. Nikamwonyesha kitasa cha namba, nikamweleza kwamba huyo mtu hatujawahi kumwona, anatutazama tu kwa ile kamera pale juu. Alivuta kitenge chake vizuri, akasogea chini ya kamera, akainua mkono, akaanza kwa salamu ya Kichaga.

"Shimbonyi, baba. Asante sana, tumekaa vizuri, wote kumi na tisa."