Kuku Kishingo na Tuta Langu la Mchicha

Leo alfajiri nimetoka na msuli wangu, kandambili na kikombe cha chai ya rangi, nikaenda kulijulia hali tuta la mchicha. Nikakuta vijiti. Vijiti vitupu, vimesimama mstarini kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka. Katikati yake kasimama kuku kishingo wa Mama Shukuru, shingo jekundu bila unyoya hata mmoja, jicho moja ananitazama mimi, jingine analipigia mahesabu tuta la matembele.

Hii ni mara ya pili masika haya haya. Na kinachoniuma zaidi si mchicha. Kinachoniuma ni kwamba kuku yule yu hai kwa sababu yangu. Nimemshika mwenyewe kwa mikono hii miwili akatiwa dawa jichoni, asife. Nitafika huko.

Chanzo cha yote ni binti yangu Neema. Tangu nistaafu kaona nazunguka nyumba kama nzi aliyefungiwa kabatini, akanipigia kutoka Dodoma: "Baba, ishi kwa msimu. Panda mboga zako, oka mkate wako, halafu kaa utulie utafakari. Presha itashuka yenyewe." Akanitumia na video. Mama mmoja wa Ulaya, aproni nyeupe, anakanda unga polepole kama anambembeleza mtoto, nje mvua inanyesha. Nikaitazama mara mbili nikagundua tofauti ya kwanza kati yangu na yule mama: mvua yake inanyesha nje.

Tena msimu! Mimi ndiye wa kufundishwa msimu? Azimio la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972 limenikuta natoka kamasi. Kilimo cha Kufa na Kupona kilipokuja nyuma yake, shule nzima tulibebeshwa majembe tukalima mihogo, na jioni tukarudi nyumbani kula ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano. Kilimo Kwanza cha 2009 kimenikuta ofisini nimevaa tai. Nimepita kwenye vilimo vyote hivyo, na leo nimeshindwa na tuta moja la mita mbili hapa Tabata.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Miaka 34. Kitu kikiingia naandika, kikitoka naandika, kisipoonekana mtu anaandika barua ya kujieleza. Kwa hiyo bustani nayo nikaifungulia daftari. Samadi viroba viwili, shilingi 10,000. Mbegu, 2,000. Kijana wa mkokoteni, 3,000. Mchango wa kuku (tulia, inakuja), 2,000. Jumla 17,000. Sokoni fungu la mchicha ni shilingi 500, maana yake hela ile ingeninunulia mafungu 34, moja kwa kila mwaka niliotumikia taifa. Mpaka leo nimevuna mafungu matatu, na moja lilikuwa mchanga mtupu.

Sasa hiyo mara ya kwanza, Aprili, nilijiambia mimi ni mtu mzima, sigombani na kuku. Nafuata utaratibu. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu ni fundi cherehani. Kesi anasikiliza huku anapindisha suruali, na ukifika mahali pazuri pa maelezo yako ndipo anapokanyaga pedali, trrrrr, inabidi uanze upya. Nikamkuta barazani, manyunyu yanapiga bati, muuza kahawa kajibanza ukutani na dele lake, vijana wawili wanangojea sare za harusi. Mama Shukuru kaitwa, kaja na mshtakiwa kwapani, kamfunga miguu kwa kipande cha kanga. Mimi nimekuja na sahani ya vijiti vya mchicha, nimeifunika kawa.

"Mlalamikaji," Balozi akasema, pini mdomoni, "kuku ulimwona anakula?"

"Nilimkuta tutani, Balozi."

"Kukutwa si kula. Hata mimi nimewahi kukutwa baa."

Ndani kule kisu kilichokuwa kinamenya ndizi kikanyamaza. Balozi akakohoa, akaomba tuendelee.

Nikafunua kawa. Nikaeleza kwa kituo, kama nilivyokuwa nikieleza mbele ya wakaguzi: miche 212 jioni ya Jumanne, miche sifuri asubuhi ya Jumatano, mtuhumiwa yuko eneo la tukio, mdomo una unyevunyevu. Trrrrr. Nikaanza upya.

Mama Shukuru akaweka mkono kiunoni. "Balozi, kuku wangu halali njaa. Anakula pumba asubuhi, anakula pumba jioni. Huo mchicha wa Baba Neema una nini hasa? Mchicha wenyewe mchungu!"

"Umejuaje mchungu?" nikaruka. Miaka 34 ya stoo, hapo hatoki mtu.

"Si Mama Neema aliniletea fungu? Siku ileile uliyovuna."

Nikageuka. Mke wangu, aliyekuja kunisindikiza kama shahidi wa upande wangu, akawa anaangalia bati la Balozi kana kwamba ananuia kulinunua. Mafungu matatu, jamani. Moja mchanga. Moja limetolewa stoo bila hati. Maana yake katika kilimo changu chote mimi nimekula fungu moja tu.

Ndipo mshtakiwa naye akaamua kutoa ushahidi. Akajikunja kwapani kwa mama yake, akaachia kitu juu ya daftari la Balozi, katikati ya vipimo vya suruali. Sote tukainama. Kilikuwa cha kijani.

"Aha!" nikasema. Sijawahi kufurahia mavi maisha yangu yote, lakini siku ile nilitaka kuyakumbatia. "Balozi, si mwenyewe unayaona? Pumba ina rangi hiyo?"

Balozi akavaa miwani. Akatazama. Nikaona kabisa hukumu inapanda kooni kwake. Na ndipo muuza kahawa, mtu ambaye hakuitwa, hana kesi, hana bustani, akanyoosha shingo na kusema taratibu:

"Hicho si mchicha. Kijani namna hiyo ni mdondo."

Mwenye kuku hahitaji neno hilo lirudiwe. Vijana wa harusi walikuwa wa kwanza kutoka, bila suruali zao. Mama Shukuru akamkumbatia kishingo kama amepewa majibu ya hospitali. Mke wa Balozi akatoka na kisu mkononi akiuliza mdondo uko wapi, ana mitetea tisa. Ndani ya dakika kumi baraza lilikuwa na watu kuliko arusi, kila mmoja anasimulia mwaka ule aliokesha akizika kuku, asubuhi banda lina ishirini, jioni lina wawili na wote wamesinzia. Sahani yangu ya ushahidi mtu aliisogeza ili aweke chupa ya chai.

Nikasema, "Balozi, na kesi yangu?"

"Baba Neema, hebu kuwa na utu. Watu wanafiwa."

Hakuna aliyefiwa! Kishingo alikuwa mzima kama chuma, kashushwa chini anadonoa vijiti vyangu sahanini. Lakini mtaa ulishaamua. Dawa ya chanjo ya mdondo huuzwa chupa moja ya kuku wengi, ikishafunguliwa haingoji wiki ijayo, kwa hiyo kuku wa mtaa wakusanywe siku moja. Kila nyumba ichange 2,000. Nikaeleza kwamba mimi sina kuku, nina malalamiko. Nikajibiwa kwamba mimi ndiye niliyelileta jambo.

"Na wa kuwashika kuku?" akauliza mmoja.

Wote wakanigeukia. Mstaafu. Mtu asiye na pa kwenda.

Jumamosi yake, saa kumi na moja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, nimo mtaani na tochi. Mtaalamu anadondosha tone moja jichoni, mimi nabana mbawa na kuinamisha kichwa. Kuku 61, na bata wawili ambao hawakuhusika ila walikuwepo. Jogoo wa Balozi kanichana hapa, kovu lipo. Kuku wa 43 alikuwa kishingo. Nikambana, tukatazamana kwa karibu kuliko wakati wowote, tone likaingia jichoni, akapepesa. Mtaalamu akasema chanjo inarudiwa baada ya miezi mitatu, na mtaa mzima ukaitikia kwamba Baba Neema atakuwepo.

Hukumu yangu nilipewa njiani, wakati Balozi anafunga mlango. "Kuku hakusoma, Baba Neema. Wewe umesoma. Zungushia wavu."

Nikazungushia chandarua cha chumba cha wageni. Sasa mbu wanamla mgeni, mchicha unalala salama. Ulikuwa unalala salama, mpaka leo.

Konokono siwataji. Yule kijana aliyeniuzia samadi iliyojaa mbegu za magugu namwachia Mungu.

Sehemu ya pili ya maagizo ya Neema ni kuoka. Jiko la kuokea analolijua yeye tunalo, kalinunua mwenyewe Krismasi moja. Ndani tunaweka masufuria. Nikasema mimi sitaki mkate wa yule mama wa aproni, nitaoka mkate wa kumimina kama wa bibi yangu. Jana ndiyo ilikuwa siku yake. Mchele vikombe viwili nimelowesha tangu usiku, nazi nimekuna mwenyewe na tui zito nimekamua, iliki nimetwanga, hamira ipo. Natia kwenye blenda, nabonyeza, vrrr, na umeme ukakata. Nusu mchele, nusu uji. Nikasubiri. Mchele haukusubiri, hamira ilishaamka, ukaanza kuumuka na punje zake vilevile, unapanda blenda unanifuata.

Umeme uliporudi na mchanganyiko ukalainika, nikakumbuka ute wa yai. Nyumbani hakuna yai. Duka liko ng'ambo ya dimbwi ambalo mimi na kandambili zangu hatuliwezi. Naenda nyuma ya nyumba kuchukua mkaa, naona nini kwenye kiroba changu cha samadi kilichobaki? Mayai matano. Ya moto.

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri kikarani. Kuku ni wa Mama Shukuru, sawa. Lakini mali ghafi imetoka wapi? Miche 212 imeingia mdomoni, mayai yametoka upande wa pili, tena yametolewa ndani ya samadi niliyoilipia kwa fedha taslimu. Yai lile ni mchicha uliobadilishwa fungu. Hesabu ilikaa sawasawa kabisa mpaka nilipomsomea mke wangu.

"Rudisha mayai ya watu," akasema.

Nikarudisha. Manne.

Nao mkaa ulikuwa umelowa. Mkate wa kumimina unataka moto chini kwanza, ukishika pembeni unapunguza, unapandisha makaa juu ya mfuniko ili uso uive na kupata rangi. Mkaa wangu ulitoa moshi, ukatoa machozi yangu, moto haukutoa. Nikaenda kuazima makaa kwa nani? Kwa huyohuyo. Mama Shukuru hakusema neno, akachota makaa mekundu kwenye kikaango kibovu, akaja nayo mwenyewe, akayapanga juu ya mfuniko kwa koleo, akavuta kigoda akakaa. Nikamwambia asihangaike. Akasema atangojea.

Ulipopinduliwa, chini ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria lenyewe. Lakini juu, lazima niseme, juu ulikuwa na rangi ya dhahabu na vitundu vidogo vidogo, na ile harufu ya iliki na nazi ikatoka mpaka njiani. Mama Shukuru akakata kipande, akatafuna polepole. Akakata cha pili.

"Ute umekolea," akasema. "Yai la kienyeji hili, au?"

Nikakohoa. Mke wangu akarudi kuangalia bati.

"Maana kuku wangu huwa hatagi mayai manne. Anataga matano."

Nikamfungia nusu ya mkate kwenye karatasi. Akapokea kwa mikono miwili, akaaga vizuri, akaondoka.

Halafu leo alfajiri ndiyo hivyo tena. Kakiruka chandarua, au kapita chini, au kafunguliwa na mtu. Sijui kama ni kisasi au ni kifungua kinywa tu. Kwa Balozi sirudi, mwezi wa saba nina kuku 61 wa kushika.

Neema kapiga saa mbili asubuhi kuuliza kama nimeanza kutafakari. Nikamwambia ndiyo, natafakari bei ya wavu wa waya. Akasema, "Baba, usiwaze hela, sikiliza tu mvua." Nikasogeza simu kwenye dari ili aisikie na yeye, inavyodondoka kwenye beseni, tii, tii, tii, pembeni ya kitanda. Akasema inatuliza. Beseni lenyewe limebakiza vidole viwili lijae, na la pili mke wangu kaloweka ndani mchele kwa ajili ya kesho, kisa mkate wa jana umesifiwa, kwa hiyo hapa natafuta ndoo, na ndoo nayo nimekumbuka iliko: iko kule nyuma ya nyumba, na juu yake kakaa mtu fulani, shingo wazi, hataki kuondoka.