Adam Goodes Alizomewa kwa Kusema, Si kwa Kucheza

Mwaka 2021 uongozi wa kandanda ya Kiaustralia, mchezo tofauti na soka, ulitangaza kwamba Adam Goodes, nyota wa zamani wa klabu ya Sydney Swans, amekataa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, heshima ambayo wachezaji wengi huiota tangu siku wanapovaa jezi ya kwanza. Ni rahisi kuuona uamuzi huo kuwa kinyongo cha mtu aliyestaafu akiwa na uchungu. Mimi naamini alikuwa sahihi kabisa, na sababu za kuamini hivyo zimo katika maisha yake yote uwanjani, si katika miaka mitatu ya mwisho peke yake, alipozomewa na mashabiki viwanjani, ambayo ndiyo inayosimuliwa zaidi nje ya Australia.

Goodes alizaliwa tarehe 8 Januari 1980 katika mji mdogo wa Wallaroo, jimbo la Australia Kusini. Mama yake ni Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa jamii za Adnyamathanha na Narungga, na ni mmoja wa watoto walioondolewa mikononi mwa familia zao chini ya sera ya serikali iliyodumu miongo mingi katika karne ya 20, sera ambayo Bunge la Australia liliiombea radhi rasmi mwaka 2008. Utotoni Goodes alipenda soka, na aliingia katika kandanda ya Kiaustralia baada ya familia kuhamia jimbo la Victoria, ambalo ndilo chimbuko la mchezo huo. Mwaka 1997, klabu zilipochagua chipukizi kwa zamu, vijana 42 walikuwa wameshatajwa kabla Sydney Swans hawajalitaja jina lake.

Msomaji asiyeujua mchezo huu afahamu kwamba unachezwa katika uwanja wa duara refu, wachezaji 18 kila upande, kwa robo nne, na mpira wenye umbo la yai hupigwa kwa mguu au kwa ngumi lakini haurushwi kwa mkono. Shuti inayopita kati ya nguzo mbili za katikati ni pointi 6, na inayopita kando yake, ndani ya nguzo za nje, ni pointi 1. Kila timu ina mtu mrefu wa kuruka juu na kuugonga mpira uwafikie wenzake pale mwamuzi anapoanzisha mchezo katikati, na mtu huyo kwa kawaida ni mzito na si mkimbiaji. Goodes, mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.9, aliifanya kazi hiyo, kisha akakimbia kama kiungo, akafunga kama mshambuliaji, na ilipohitajika akarudi nyuma kulinda. Wachezaji warefu wanaoweza yote hayo kwa kiwango cha juu ni nadra mno katika historia ya mchezo huo.

Alianza kucheza ligi kuu mwaka 1999 na mwaka huohuo akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Mwaka 2003 alishinda Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, akiwa sawa kwa kura na Nathan Buckley na Mark Ricciuto, na mwaka 2006 akaishinda tena, safari hii peke yake. Mwaka 2005 alikuwamo katika kikosi cha Swans kilichoifunga West Coast Eagles pointi 58 kwa 54 katika fainali na kumaliza ukame wa miaka 72, kwa kuwa mara ya mwisho klabu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1933, ikiwa bado na makao yake South Melbourne.

Naisisitiza Medali ya Brownlow kwa sababu maalumu. Wanaoipigia kura ni waamuzi wenyewe, wale wanaosimama hatua chache kutoka kwa mchezaji na kumwona anavyogombania mpira, ambao baada ya kila mechi ya msimu wa kawaida hutoa kura 3, 2 na 1 kwa waliong'ara zaidi. Mchezaji aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu katika msimu huo hawezi kuishinda, maana inatolewa kwa aliye bora na mwenye kucheza kwa haki. Waliomzomea Goodes walijitetea kwamba hawakuwa na tatizo na rangi yake bali na tabia yake ya kujiangusha ili apewe mpira wa adhabu. Kama kweli alikuwa mlaghai wa namna hiyo, waamuzi hao wangemwona bora kuliko wenzake wote katika misimu miwili tofauti? Na kwa nini mashabiki haohao walikaa zaidi ya miaka kumi bila kuugundua ulaghai huo?

Katika fainali ya mwaka 2012 dhidi ya Hawthorn aliumia kano ya nyuma ya goti. Hakutoka. Alichechemea, akabaki karibu na goli, na katika robo ya mwisho akafunga goli lililoisaidia Swans kushinda kwa pointi 91 dhidi ya 81. Alikuwa mmoja wa manahodha wawili wa timu siku hiyo. Hadi hapo Goodes alikuwa kipenzi cha nchi nzima, na sidhani kama yupo shabiki aliyejiona ana sababu ya kumchukia.

Kisha ukafika usiku wa tarehe 24 Mei 2013 katika uwanja wa MCG mjini Melbourne, Swans wakicheza na Collingwood, katika raundi ambayo ligi huitenga kila mwaka kuwaenzi wachezaji wa asili ya wenyeji. Dakika za mwisho, Goodes akiwa karibu kabisa na ukingo wa uwanja, sauti kutoka safu za mbele ilimwita nyani. Alisimama, akageuka, akanyoosha kidole kuelekea ilikotoka, akawaambia walinzi. Aliyetolewa nje alikuwa msichana wa miaka 13. Kesho yake Goodes alizungumza na waandishi wa habari akiwa na huzuni dhahiri, akasema kosa si la mtoto huyo, na akawaomba watu wamsaidie badala ya kumshambulia. Msichana huyo alimpigia simu kumwomba radhi. Siku chache baadaye rais wa Collingwood, Eddie McGuire, ambaye usiku ule alikuwa amekwenda chumba cha Swans kuomba msamaha, alilihusisha jina la Goodes na sokwe King Kong katika kipindi cha redio.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwezi Aprili 1993, Nicky Winmar wa St Kilda aliinua jezi yake mbele ya mashabiki wa Collingwood waliokuwa wamemtukana na kuonyesha kwa kidole ngozi yake nyeusi. Mwaka 1995, baada ya Michael Long wa Essendon kulalamikia tusi la mchezaji wa timu pinzani, ligi iliweka kanuni ya kukataza matusi ya ubaguzi. Hivyo ligi ilikuwa na historia na kanuni za kuifanya ielewe kilichokuwa kikitokea.

Januari 2014 Goodes alitajwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, na aliutumia mwaka huo kuzungumzia ubaguzi na kile ambacho wenyeji walitendewa tangu Wazungu walipoichukua nchi yao. Baada ya hapo kuzomewa kukazidi hadi kuwa jambo la kila wiki, kila alipougusa mpira, katika uwanja mmoja baada ya mwingine. Tarehe 29 Mei 2015, baada ya kufunga goli dhidi ya Carlton mjini Sydney, alicheza ngoma ya vita na kuigiza kurusha mkuki kuelekea waliko mashabiki wa wapinzani. Ngoma hiyo ilitoka kwa timu ya vijana wa asili ya wenyeji wa chini ya miaka 16. Ilikuwa raundi ya kuwaenzi wenyeji, ilichukua sekunde chache, na hakuna aliyeguswa. Hata hivyo baadhi ya watangazaji waliizungumzia kana kwamba umma umeshambuliwa. Raundi ile, ambayo shabaha yake ni kuonyesha utamaduni wa wenyeji, ilikuwa ya nini ikiwa utamaduni huo haukuruhusiwa kuonekana?

Mwisho wa Julai 2015, baada ya mechi ya Perth aliyozomewa kwa ukali, Goodes aliomba mapumziko. Katika mechi iliyofuata mjini Sydney, robo ya tatu ilipofika dakika ya saba, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, kwa kuwa namba ya jezi yake ilikuwa 37. Alirudi, akamaliza msimu, na Septemba akastaafu baada ya Swans kutolewa na North Melbourne. Alikuwa amecheza mechi 372, rekodi ya klabu hiyo, na kufunga magoli 464. Hakutaka kushiriki katika mzunguko wa kuwaaga wastaafu siku ya fainali.

Kimya cha viongozi wa ligi katika miezi hiyo ndicho kinachonikera zaidi. Waliendelea kulikwepa neno ubaguzi, wakizungumza juu ya kuheshimiana kwa jumla, huku mfanyakazi wao akidhalilishwa mbele ya maelfu kila wiki. Juni 2019, filamu mbili za kumbukumbu kuhusu kisa hicho zilipokuwa zikitoka, ligi na klabu zake zote 18 zilimwomba radhi bila masharti. Radhi hiyo ilikuja karibu miaka minne baada ya mechi yake ya mwisho, wakati ambao haingeweza tena kumrudishia hata dakika moja ya kucheza.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki halijui sana. Mwishoni mwa 2013 Swans walimchukua Aliir Aliir, kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alikuwa bado anatafuta nafasi yake ya kwanza katika ligi kuu wakati nyota mkubwa kuliko wote wa klabu yake akizomewa hadi kustaafu. Aliir amefanikiwa: mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, alichaguliwa katika kikosi bora cha msimu wa ligi. Lakini kijana mweusi anayejiunga na mchezo huo huona yaliyompata aliyemtangulia, na hupima ni maneno gani ayaseme na yapi ayameze.

Kwa hiyo Goodes alipoambiwa aingie Jumba la Mashujaa, akakataa, sioni deni lolote alilobakiza kwa mchezo. Heshima hiyo ingeipa ligi picha nzuri ya upatanisho, naye angelazimika kutabasamu ndani yake. Kazi yake ameihamishia kwenye GO Foundation, taasisi aliyoianzisha mwaka 2009 pamoja na Michael O'Loughlin, aliyecheza naye Swans, ambayo hutoa ufadhili wa masomo kwa vijana wa asili ya wenyeji. Mlango wa Jumba lile ubaki wazi kama wenyewe wanavyopenda, ila asisukumwe na mtu kuuingia.